Skabiosa: ua la milimani linaloogopa masika kuliko baridi

Nyuma ya pakiti za mbegu za skabiosa maelekezo huwa yaleyale: atika Machi au Aprili, hamishia bustanini jalidi ikishapita, tazamia maua kuanzia Juni hadi Septemba. Hayana kosa. Yameandikwa kwa ajili ya mtunza bustani wa Kent au wa Uholanzi, ambaye Aprili kwake ndiyo jua linaanza kurudi. Mtu wa Lushoto, Marangu au Limuru akiyafuata neno kwa neno, ataingiza miche michanga ardhini katikati ya masika, udongo ukiwa umelowa usiku na mchana, na ikifika Juni atakuwa anang'oa vishina vyeusi vilivyooza shingoni.

Hapo ndipo ua hili lilipopatia sifa mbaya. Waulize wauza miche wa kandokando ya barabara za Arusha na Moshi, wengi watakukatisha tamaa kwa upole: "Hilo ni ua la baridi, dada. Chukua hii daizi, haina maneno." Daizi kweli haina maneno. Lakini kusema kwamba skabiosa ni mgeni asiyekubali ardhi ya kwetu ni kuionea, kwa sababu ndugu yake mmoja anaota mwenyewe milimani kwetu, hajapandwa na mtu wala hajamwagiliwa na mtu.

Ndugu huyo kwa wataalamu wa mimea ni Scabiosa columbaria. Makazi yake ni mapana ajabu. Utamkuta kwenye vilima vya chaki vya kusini mwa Uingereza, utamkuta Ulaya karibu yote, kisha anaibukia Ethiopia, anashuka kupitia nyanda za juu za Kenya na Tanzania, anatanda kwenye uwanda wa Nyika kule Malawi na kwenda kukomea Afrika Kusini. Kwetu hukaa kwenye nyasi fupi za juu, ambako usiku ni baridi na mvua ikinyesha haitulii, inateremka. Ukipita kwa gari humwoni. Kwa miguu utaona kijiti chembamba kisichozidi goti au paja, na juu yake ua la zambarau iliyopauka, pengine karibu jeupe, likiyumba hata pasipo upepo wa maana. Wachungaji wanamkanyaga kila siku.

Afrika Kusini walimtazama mapema zaidi. Huko mizizi yake iliyokaushwa na kuchomwa imekuwa ikitengenezewa marhamu ya vidonda, na unga wa mizizi hiyo, kwa kuwa unanukia vizuri, ukatumiwa kupaka watoto wachanga. Tena wana skabiosa yao nyingine, Scabiosa africana, ambayo kwa asili haipatikani pengine duniani isipokuwa katika rasi ya Cape, na ambayo leo ni ua la kawaida katika bustani zao. Yaani wao wameshatoka hatua ya kuulizana kama linakubali.

Ua lenyewe lilivyo

Lichume moja ulisogeze machoni. Unachokiita ua ni mkusanyiko wa maua madogo kwa makumi, yaliyobanana juu ya kitako kimoja. Yale ya pembeni yamerefusha petali zao upande wa nje, mikunjo mikunjo, ili ua zima lionekane kutoka mbali. Yale ya katikati ni madogo na mengine bado yamefumba. Kila kiua kina petali zilizoungana chini na kugawanyika ncha tano juu, na ndani yake vijiti vinne vya chavua vinavyochomoza kupita petali, kila kimoja na kichwa chake cheupe. Ndiyo maana Waingereza hulifananisha na kile kimto cha fundi cherehani kilichochomekwa pini, na kwa hilo sina la kubishana nao.

Kuna utaratibu humo ndani ambao mtu haoni mpaka ashinde na ua moja siku kadhaa. Kiua hutoa chavua kwanza. Chavua ikishaondoka na vijiti vikianza kunyauka, ndipo sehemu ya kike inarefuka na kuwa tayari kupokea. Nyuki anayetua juu ya ua lililoanza kufunguka anaondoka na chavua, na akitua juu ya ua lililokomaa anaiacha. Kwa namna hiyo ua halijizalishi lenyewe ovyo.

Petali zikidondoka, inabaki tufe ya mbegu, na hapa ndipo mimi hupenda zaidi. Kila mbegu imevaa kola ya utando mkavu, mwembamba, unaopitisha mwanga, na katikati ya kola hiyo zimesimama nywele tano ngumu, nyeusi. Kola inashika upepo, nywele zinashika chochote kinachopita. Ukiitaka skabiosa kwa ajili ya tufe hizi tu, ipo moja ya msimu mmoja, Scabiosa stellata, ambayo maua yake si kitu lakini mbegu zake zikikauka hukaa kwenye chombo mwaka mzima bila kuharibika.

Waswahili wenzangu wanaopenda dawa za miti shamba wataniuliza kama ua hili linatibu upele. Ni kweli, Ulaya ya karne za kati waliitumia mimea ya jamii hii kutibu upele na miwasho ya ngozi. Upele huletwa na kijidudu kinachochimba ndani ya ngozi, na dawa yake iko hospitali. Tuendelee na bustani.

Jinsi lilivyopanda cheo

Skabiosa iliyoipa jamii hii jina katika bustani za fahari si ile ya kwenye nyasi zetu. Ni Scabiosa caucasica, ya milima ya Kaukazi, kaskazini mashariki mwa Uturuki na kaskazini mwa Iran. Ua lake linaweza kufikia upana wa sentimita 8, bua lake sentimita 60, na rangi yake ni samawati laini ambayo haipatikani kwa urahisi kwenye maua mengine. Iliingia Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920 wazalishaji wa miche walikuwa wameshapata aina maarufu ya Clive Greaves, ambayo hadi leo inauzwa.

Aina nyeupe ya ua hilo inabeba jina la Miss Willmott, na huyo mama anastahili aya yake. Ellen Willmott, aliyezaliwa 1858 na kufariki 1934, alirithi mali nyingi na kuimwaga yote kwenye maua. Pale Warley Place, Essex, aliajiri watunza bustani zaidi ya 100 kwa wakati mmoja. Mwaka 1897, nishani ya heshima ya Victoria ilipotolewa kwa mara ya kwanza kwa wakuu 60 wa kilimo cha bustani, wanawake walikuwa wawili tu: yeye na Gertrude Jekyll. Alifariki akiwa amefilisika, nyumba ikabomolewa, na eneo lile leo ni hifadhi ya mimea na wanyama, mapori yakiwa yamefunika njia alizozijenga. Ua lililopewa jina lake linapatikana kwa bei ya sahani ya chipsi.

Columbaria, yule wa kwetu na wa kwao, alichelewa kupewa heshima. Aina yake fupi iitwayo Butterfly Blue ndiyo iliyomtoa. Haizidi sentimita 40, inatoa maua miezi mingi mfululizo, na mwaka 2000 chama cha wazalishaji wa mimea ya kudumu cha Marekani kiliichagua kuwa mmea wa mwaka. Basi tunarudia kisa tunachokifahamu, cha ua la kwetu kupata heshima ughaibuni kwanza. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alimpelekea baba yake Ujerumani mbegu za kijiua cha kivulini kutoka misitu ya Usambara. Leo kijiua kile kimekaa kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani kwa mamilioni, na mtu wa Tanga akikitaka, mara nyingi atakinunua dukani kikiwa na kibandiko cha kigeni.

Pakiti ipi ununue

Soma jina la kisayansi, usisome picha. Picha zote zinafanana, na majina ya kibiashara yanachanganya kwa makusudi.

Ukikuta Scabiosa atropurpurea, hiyo ni ya msimu mmoja, au miwili ikibembelezwa. Ina rangi nzito nzuri, nyingine karibu nyeusi, inaota upesi na haina makuu. Anayeanza aanzie hapo, lakini asije akalalamika mwakani kwamba mmea wake wa kudumu umekufa. Ukikuta Scabiosa caucasica, jiulize unakaa wapi. Mmea huu umezoea kulala chini ya theluji miezi kadhaa, kisha kuamshwa na siku ndefu za kiangazi cha kaskazini, jua likichelewa kuzama. Kwetu karibu na ikweta mchana ni takriban saa 12 mwaka mzima na baridi yetu ni ya kupita. Sehemu za juu sana kama Kinangop au Njombe unaweza kujaribu. Kwingineko utalea majani.

Ushauri wangu ni Scabiosa columbaria na aina zake fupi. Kumbuka tu kwamba Butterfly Blue yenyewe huzalishwa kwa vipandikizi na kwa kugawa shina. Mbegu zake ukizipanda zitatoa maua, ila hayatakuwa sawasawa na mama yao. Na kwa wale wenye ndugu ughaibuni, tafadhali msiwaambie wafunge vipandikizi kwenye soksi ndani ya sanduku. Mimea hai na mbegu zinatakiwa kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea kutoka zinakotoka. Tanzania mwenye kazi hiyo ni TPHPA, Kenya ni KEPHIS, na sababu si urasimu mtupu. Ugonjwa mmoja wa mizizi ukiingia hautoki.

Watu wa pwani, samahanini. Dar es Salaam, Mombasa na Unguja usiku hauna ubaridi wa kutosha na hewa imejaa unyevu. Pandeni gomfrena, ambayo nayo ni tufe, nayo inadumu kwenye chombo, na joto ndilo chakula chake.

Udongo ndio kesi yenyewe

Kama kuna jambo moja la kutumia nguvu zako zote, ni hili. Angalia columbaria anakoota mwenyewe Uingereza: vilima vya chaki, udongo kiganja kimoja juu ya jiwe la chokaa, mvua inanyesha na kupotea dakika hiyohiyo. Hakuna rutuba ya kujivunia. Udongo hauna uchachu, bali umeelemea upande wa chokaa. Sasa angalia udongo mwekundu wa Lushoto, Njombe au Limuru: wa kina, wenye rutuba, wenye uchachu unaopendwa na chai. Chai ikistawi mlangoni kwako, ujue skabiosa italalamika.

Dawa ipo na ni rahisi. Pima udongo kama unaweza. Vituo vya utafiti wa kilimo hupima. Kisha changanya chokaa ya kilimo kwa kiasi utakachoshauriwa, wiki kadhaa kabla ya kupanda. Asiye na chokaa atumie majivu ya kuni, konzi mbili kwa kila mita ya mraba, yakichanganywa vizuri na udongo, si kumwagwa kwenye shingo ya mche. Mkaa wa magazeti na takataka za plastiki zilizoungua haviitwi majivu. Udongo wa volkano wa miteremko ya Meru, penye ukavu kidogo, mara nyingi hauna haja ya haya yote.

Baada ya uchachu ni maji. Inua tuta sentimita 20 au 25 juu ya njia. Changanya theluthi moja ya changarawe ndogo au mchanga mnene wa mtoni; mchanga laini wa kupigia lipu unaziba badala ya kufungua. Ukipanda, hakikisha pale shina linapokutana na mizizi pamebaki juu kidogo ya udongo. Hili watu hulipuuza kwa sababu tumezoea kufukia miche ya nyanya na kabichi mpaka majani ya kwanza ili isimame. Nyanya inatoa mizizi mipya shinani. Skabiosa ikifukiwa inaoza. Matandazo ya majani makavu, ambayo kwa mboga ni baraka, kwake ni blanketi bichi linalolala shingoni. Mwekee kokoto ndogo kuzunguka shina.

Wakazi wa mashariki mwa Nairobi wenye ule udongo mweusi unaopasuka wakati wa jua na kunata wakati wa mvua wasihangaike na matuta. Wapande kwenye vyungu vyenye matundu ya kutosha chini, na wavisogeze barazani mvua ikizidi.

Samadi? Kidogo, iliyoiva, mara moja wakati wa kuandaa tuta, basi. Urea usiiguse. Mmea ulioshiba naitrojeni unanenepa majani, vijiti vya maua vinarefuka na kulala chini, halafu vidukari wanakuja kula karamu.

Kalenda ya kwetu

Kwa maeneo yenye mvua mbili, kama Usambara, Kilimanjaro, Meru na nyanda za kati za Kenya, mimi ningeatika Mei, chini ya paa linalopitisha mwanga, ili masika yamalizie hasira zake nje. Mbegu zifunikwe udongo mwembamba sana, milimita 3 hivi, na joto la nyuzi 15 hadi 20 linazitosha. Huchomoza ndani ya wiki mbili au tatu. Miche ikiwa na majani sita au manane na kipupwe kikiwa kimekausha udongo, yaani Julai, hamishia kwenye tuta, sentimita 30 hadi 40 kati ya mche na mche. Julai na Agosti utamwagilia mwenyewe, na hilo ni jema, kwa sababu maji unayapima wewe. Kufikia vuli mizizi imeshuka chini na maua ya kwanza yanatokea. Masika yanayofuata yataikuta mimea imekomaa juu ya tuta, na mmea uliokomaa unavumilia mengi ambayo mche hauwezi.

Nyanda za juu kusini, Njombe, Iringa na Mbeya, mvua ni moja, Novemba hadi Aprili au Mei. Huko atika Aprili mvua ikielekea ukingoni, panda mwishoni mwa Mei. Jalidi ya Juni na Julai isikutie hofu. Columbaria anavumilia baridi kali kuliko hiyo. Majani yatajikunja asubuhi na kuamka saa nne.

Jua linatakiwa saa sita kwa siku au zaidi. Chini ya mgrevilea usipande.

Mkasi kila wiki

Kazi kubwa baada ya hapo ni ya mkasi. Skabiosa ikifanikiwa kukomaza mbegu inahesabu kwamba mwaka wake umekwisha, inapunguza maua. Ukiondoa maua yaliyochakaa, inaendelea kutoa. Tatizo la mgeni ni kutofautisha tumba na ua lililopita, maana yote mawili ni vitufe vya kijani visivyo na petali. Tazama kwa upande: tumba lina uso bapa, ua lililopita limevimba katikati na nywele zake zinaonekana. Usikate kichwa tu ukaacha bua limesimama uchi. Fuata bua hadi linapotokea tawi au jani lenye tumba changa, ukate juu yake.

Ukikata kwa ajili ya chombo, kata asubuhi, petali za pembeni zikiwa zimefunguka na za katikati bado. Litumbukize bua kwenye maji papo hapo. Siku tano, pengine saba, ukibadilisha maji. Bua lake ni refu na halina majani, jambo linalowafurahisha wapambaji wa harusi.

Mmea wa kudumu haumaanishi wa milele. Columbaria huchoka baada ya miaka mitatu au minne: katikati panakuwa pagumu na patupu, vichipukizi vinakimbilia pembeni. Usisubiri ufe. Masika yakiisha ng'oa shina zima kwa uma wa bustani, gawanya vile vichipukizi vya pembeni kila kimoja na mizizi yake, tupa katikati, panda upya mahali pengine. Au chukua vipandikizi vya chipukizi la chini, urefu wa sentimita 7 hadi 10, uvisimamishe kwenye mchanga wenye unyevu kivulini. Anayefanya hivi haishiwi miche, na majirani hawaishiwi sababu ya kubisha hodi.

Kuhusu wadudu na magonjwa sina mengi. Konokono wenye gamba na wasio na gamba hula miche michanga usiku. Watafute kwa tochi. Vidukari wasugue kwa maji ya sabuni. Ule ukungu mweupe wa unga juu ya majani huja mimea ikibanana na hewa isipopita. Mmea ukinyauka ghafla wakati udongo umelowa, usimwagilie zaidi, ni mizizi imeoza.

Wageni wa mchana

Anayependa vipepeo ataona faida ndani ya msimu wa kwanza. Kila kiua kina tone lake la mbochi, na kichwa kizima kinampa kipepeo mahali pa kutua na kula makumi ya matone bila kuruka. Mmoja wa wateja wake ni Vanessa cardui, kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye madoa meusi na meupe kwenye ncha za mabawa, anayeonekana Afrika Mashariki na anayeonekana Uingereza. Si kwa bahati. Vizazi vyake vinapokezana safari ya kuvuka Sahara kwenda kaskazini na kurudi, duru ya kilomita zaidi ya 10,000, hakuna kipepeo mmoja anayeimaliza peke yake. Kote huko kusini na kaskazini, penye columbaria, anakunywa kwake.

Kuna nyuki wa Ulaya, Andrena hattorfiana, aliyekwenda mbali zaidi katika uaminifu. Hakusanyi chavua ya kulishia watoto wake isipokuwa ya jamii ya skabiosa, hasa ile ya mashambani iitwayo Knautia arvensis. Uingereza imepoteza takriban asilimia 97 ya malisho yake yenye maua ya asili tangu miaka ya 1930, na nyuki huyu amepungua pamoja nayo. Ndugu mwingine wa jamii, Succisa pratensis, ana hadithi ya kijijini: mzizi wake unaishia ghafla, na wazee walisema shetani aliuuma kwa hasira alipoona unawaponya watu wengi mno. Majani yake ni chakula cha viwavi wa kipepeo mmoja adimu wa maeneo ya majimaji. Na yeye hachukii kulowa miguu, kwa hiyo mwenye bonde la baridi na hamu ya kujaribu anajua pa kuanzia.

Sasa kuna msomaji ambaye ameshapanga safari ya kwenda kumng'oa columbaria wa porini. Ndani ya hifadhi za taifa huruhusiwi kuchuma hata jani. Nje ya hifadhi, mmea uliokomaa ukiung'oa utakufa njiani, mzizi wake umeshuka chini kuliko jembe lako. Omba ruhusa ya mwenye eneo, nenda maua yakishakauka na tufe zikiwa za kahawia, papasa kwa vidole: mbegu zilizoiva zinaachia zenyewe, zinazong'ang'ania ziache. Chukua chache kutoka mimea mingi badala ya kumaliza mmoja. Zikaushe kivulini siku tatu nne, uziweke kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, na uandike juu mahali na mwezi. Usizitunze miaka. Ziatike zote Mei inayofuata, na kwa kuwa ni za porini usitarajie zichomoze kwa mkupuo. Nyingine zitachomoza wiki mbili baada ya wewe kukata tamaa, kwa hiyo trei ya kuatikia usiimwage mapema.